Makala za Ufilipino hukwama kwenye majina, tarehe na vipimo

Mhakiki anayeijua Ufilipino akipokea mswada haanzi na ukurasa wa kwanza. Anafungua nyuma, kwenye marejeleo, aone majina yamepangwaje. Akikuta mwandishi mmoja kageuzwa watu wawili, au ukoo wa mama umewekwa pa ukoo wa baba, tayari ameanza kuwa na shaka na yote yatakayofuata. Huenda hoja ni nzuri na nadharia imesukwa vizuri. Hata hivyo, miswada mingi kuhusu historia na utamaduni wa nchi hiyo hairudishwi kwa sababu ya nadharia. Hurudishwa kwa vitu vidogo ambavyo wenyeji wa fani wanaviona kwa jicho moja.

Tuanze na hayo majina. Mfilipino hutaja jina lake, kisha ukoo wa mama, kisha ukoo wa baba. Chukua jina la kubuni, Maria Santos Reyes: Santos ni upande wa mama, Reyes ni wa baba, na kwenye marejeleo ataandikwa Reyes, Maria S. Mhispania hupanga kinyume, ukoo wa baba kwanza na wa mama mwisho. Aliyejifunza kupanga marejeleo kwa vitabu vya Hispania akikutana na Maria wetu humwandika Santos Reyes, Maria, akampeleka kwenye S, na msomaji anayemtafuta kwenye R hamwoni. Programu za marejeleo kama Zotero hufuata ulichoijazia tu, kwa hiyo ukoo wa mama uingize kwenye nafasi ya jina la kwanza. Wenye majina ya de la Cruz au Dela Cruz wana shida nyingine: programu huliona "de la" kuwa kiambatisho na kulipanga jina kwenye C kama ilivyo desturi ya Hispania, wakati Manila jina hilo hukaa kwenye D. Lifunge jina zima la ukoo kwa alama za mtajo ndani ya programu, litakaa panapotakiwa. Na usiunganishe wala kutenganisha kwa kukisia. De la Cruz na Dela Cruz ni watu wawili mpaka jalada la kitabu liseme vingine.

Mwanamke akiolewa, ukoo wa baba yake huhamia katikati na ukoo wa mume hushika mwisho. Matokeo yake, tasnifu yake inaweza kuwa chini ya herufi moja na vitabu vyake vya baadaye chini ya nyingine. Liandike jina kama lilivyochapwa kwenye kila kazi, uongeze mstari wa kuelekeza "tazama pia". Kujaribu kumsahihishia mtu jina lake ndiko kunakoleta barua za hasira kwa mhariri.

Ukirudi nyuma kihistoria, ukoo wenyewe ni mtego. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana wa Kihispania, Narciso Clavería, alitoa amri ya kugawa majina ya ukoo kutoka kwenye orodha ya alfabeti iliyochapishwa. Kurasa za orodha ziligawanywa mikoani na mijini, na ndiyo maana katika mji wa Oas, mkoa wa Albay, majina ya R yamejaa mpaka leo. Kwa hiyo watu wawili wenye ukoo mmoja katika mji kama huo si lazima wawe na damu moja, na ukoo wa mwaka 1860 haukupeleki kwa babu wa mwaka 1820. Anayetaka kuvuka mwaka 1849 afuate daftari za ubatizo kwa majina ya wazazi wa ubatizo na orodha za wakuu wa barangay (vitongoji), mtu mmoja mmoja. Mswada unaosema "familia hii ilitawala mji tangu karne ya 18" kwa ushahidi wa jina peke yake hauvuki.

Gavana huyohuyo aliacha mtego mwingine kwenye kalenda. Kwa kuwa Wahispania walifika visiwani kwa njia ya Amerika, Manila ilihesabu siku nyuma ya majirani zake kwa siku moja. Ili kurekebisha, Jumatatu tarehe 30 Desemba 1844 ilifuatwa na Jumatano tarehe 1 Januari 1845. Tarehe 31 Desemba 1844 haikuwapo Manila. Ukiona hati ya mjini humo yenye tarehe hiyo, ama umesoma vibaya ama hati ina kasoro. La maana zaidi ni kwa anayelinganisha barua za Manila na za Macau kabla ya hapo: Wareno wa Macau walikuja kwa kuelekea mashariki, hivyo tukio moja litaonekana limetokea siku mbili tofauti. Shahidi hajasema uongo. Acha tarehe kama zilivyo, weka tanbihi, endelea.

Siku ya uhuru nayo inahitaji uangalifu. Uhuru ulitangazwa tarehe 12 Juni 1898, ukatambuliwa na Marekani tarehe 4 Julai 1946, na Rais Diosdado Macapagal akahamisha maadhimisho kurudi Juni mwaka 1962. Gazeti la mwaka 1955 likisema "sherehe za uhuru", linazungumzia Julai. Vita vilivyoanza Februari 1899 navyo vina majina mawili, na majina hayo yanabeba msimamo. Nyaraka za Wamarekani wa wakati ule huviita uasi. Wanahistoria wa leo huviita vita kati ya Ufilipino na Marekani. Kwenye katalogi tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo nusu ya masanduku hutayaona. Kwenye matini yako tumia la pili, na "uasi" liwe ndani ya alama za mtajo tu.

Hata neno "Mfilipino" lina umri wake. Kwa muda mrefu katika utawala wa Hispania liliwahusu Wahispania waliozaliwa visiwani. Wenyeji waliitwa indio, Wachina waliitwa sangley, Waislamu wa kusini waliitwa moro, na neno lenyewe lilichukua maana ya taifa zima kuelekea mwisho wa karne ya 19. Mtafsiri anayebadilisha kila indio wa mwaka 1650 kuwa Mfilipino anakuwa amewapa watu fikra ambayo haijazaliwa. Acha indio, eleza mara moja, basi.

Sasa vyanzo, ambako kazi nyingi hufia.

Kati ya mwaka 1903 na 1909 Emma Helen Blair na James Alexander Robertson walitoa juzuu 55 za nyaraka za Ufilipino zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Seti hiyo imekuwa njia ya mkato ya kila anayeanza, hasa sasa inapopatikana bure mtandaoni. Haikatazwi kuitumia. Iangalie kwa macho mawili, basi. Ilitengenezwa Marekani ikiwa ndiyo kwanza imelitwaa koloni, uteuzi wa nyaraka ulifuata masuala ya watawala wapya, na tafsiri yenyewe ina mahali ilipoteleza. Mswada ambao ushahidi wake wote wa karne ya 17 unatoka humo huambiwa neno moja: rudi kwenye asili. Na asili siku hizi haiko mbali sana. Nyaraka nyingi za Archivo General de Indias ya Sevilla zimewekwa kwenye lango la hifadhi za Hispania liitwalo PARES. Ukizitaja, toa anwani kamili: sehemu, legajo (bunda), ramo (fungu), namba. "AGI, Filipinas" peke yake ni sawa na kumwambia mtu unakaa Kariakoo akutafute.

Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Manila mambo ni tofauti. Nyaraka za Kihispania, zinazohesabiwa kwa mamilioni ya kurasa, zimefungwa kwa mabunda yenye vichwa kama Erección de Pueblos, Sediciones y Rebeliones au Protocolos. Andika kichwa cha bunda, mkoa, miaka, namba ya bunda, na namba iliyogongwa muhuri kwenye karatasi yenyewe. Mabunda hupangwa upya, kichwa hubadilika, karatasi huhama. Namba ya muhuri ndiyo inayobaki. Piga picha ya lebo ya bunda kabla ya karatasi ya kwanza, kila siku, hata kama umechoka. Picha 400 zisizo na lebo ni picha 400 zisizotajika.

Kuna pengo usiloweza kuliziba. Vita vya Manila vya Februari 1945 viliteketeza sehemu kubwa ya maktaba na makusanyo ya mji huo, Maktaba ya Taifa ikiwamo. Ndiyo maana nakala pekee ya kitu cha Kifilipino inaweza kuwa Chicago, kwenye Maktaba ya Newberry, au Bloomington, ambako Maktaba ya Lilly inatunza kodeksi ya michoro ya mwishoni mwa karne ya 16 inayojulikana kwa jina la Boxer. Karatasi za serikali ya mapinduzi zilizotekwa na jeshi la Marekani zilipelekwa Washington, zikarudishwa baada ya uhuru. Kusema "hakuna ushahidi" kabla ya kutazama nje ya nchi ni haraka mno.

Pale ushahidi unapokuja kwa urahisi kupita kiasi, simama. Kisa cha Kalantiaw kila anayeandika historia ya Ufilipino anapaswa kukijua kwa undani. Mwaka 1914 Jose E. Marco, mtu wa kisiwa cha Negros, alimkabidhi Robertson, huyohuyo wa juzuu 55 ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wa maktaba ya serikali Manila, maandiko yaliyodaiwa kuwa na sheria za mtawala wa kisiwa cha Panay aitwaye Kalantiaw za mwaka 1433. Robertson aliyatafsiri na kuyachapisha. Yakaingia vitabu vya shule, vya sheria, hotuba. William Henry Scott, kwenye tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Santo Tomas mwaka 1968, aliufuata mnyororo wa nyaraka nyuma hatua kwa hatua, na kila njia ikaishia kwa Marco. Kabla ya 1914 hakuna mtu aliyekuwa amemtaja Kalantiaw huyo. Hata hivyo mwaka 1971 Rais Marcos alianzisha nishani yenye jina lake, na taasisi ya taifa ya historia ilitamka rasmi kwamba sheria hizo hazina msingi mwaka 2004. Miaka 36 baada ya tasnifu!

Tulichojifunza wengi hapo ni namna ya kuuliza. Nani aliiona hati kwanza, na alikuwa na faida gani? Ilikuwa wapi kabla yake? Waandishi wa karne iliyotangulia, waliokuwa na kila sababu ya kuitaja, waliitaja? Karatasi, wino, tahajia na hesabu ya miaka vinaafikiana na wakati unaodaiwa? Halafu fuata tanbihi za watu mpaka mwisho. Ukikuta vitabu vitano vinathibitisha jambo, na vyote vitano vinategemea cha sita, una shahidi mmoja. Wakati huohuo usitupe mtoto na maji ya kuogea: Scott huyohuyo alipochunguza Maragtas, masimulizi ya datu (machifu) waliohamia Panay yaliyochapishwa na Pedro Monteclaro mwaka 1907, hakuyaita ya kughushi. Aliyaweka mahali pake, kwamba ni mapokeo yaliyokusanywa na si hati ya kale. Mtu anaweza kuyatumia kwa kuchunguza watu wa Iloilo walivyojisimulia mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kuthibitisha karne ya 13, hapana.

Takwimu za ukoloni nazo zina lugha yake. Hesabu za hazina ziliandikwa kwa peso, tomín na grano: peso 1 ni tomín 8, tomín 1 ni grano 12, kwa hiyo peso ni grano 96. "3 p. 4 t. 6 g." si peso 3.46, kama majedwali ya wasio na subira yanavyoonyesha. Ni 3 kuongeza 4/8 kuongeza 6/96, yaani 3.5625. Kosa hilo likirudiwa kwenye safu ya miaka 40, mchoro wa mapato hupanda na kushuka kwa sababu ya hesabu, na mwandishi anaeleza njaa ambayo haikuwapo.

Tributo ndiyo mbaya zaidi. Ni kipimo cha kodi, na watu hawahesabiki kwa kuisoma moja kwa moja. Mume na mke walikuwa tributo moja. Mtu mzima asiye na ndoa alikuwa nusu. Ili kupata idadi ya watu, watafiti huzidisha, mara nyingi kwa 4 au 5. Mji wenye tributo 1,200 unakuwa na watu 4,800 kwa kizidisho cha kwanza na 6,000 kwa cha pili, tofauti ya robo nzima. Taja kizidisho chako na sababu yake, toa hesabu kwa viwango viwili, na usibadilishe kizidisho katikati ya karne bila kusema. Kumbuka pia waliosamehewa: wakuu wa barangay, watumishi wa kanisa, pamoja na watu wa milimani ambao mkono wa serikali haukuwafikia kabisa. Kijiji "kilichopungua" mara nyingine ni kijiji kilichopanda mlima. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1884 na nafasi yake ikachukuliwa na cédula, cheti cha utambulisho kilicholipiwa kodi, kwa hiyo safu moja ya takwimu haivuki mwaka huo bila mshono kuonekana.

Kwenye nafaka, mwandishi wa Kiswahili anamzidi mwenzake wa Kiingereza. Kitagalog kina palay, bigas na kanin, kama sisi tulivyo na mpunga, mchele na wali. Kiingereza kina neno moja kwa vyote vitatu, na majedwali mengi ya bei yameharibika kwa hilo. Kipimo cha cavan kina ganta 25, na ganta ina chupa 8. Kwa vipimo vya metriki cavan ikahesabiwa lita 75. Cavan ya palay ikikobolewa hutoa takriban nusu yake kwa ujazo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei za Pampanga na za Manila hakikisha pande zote mbili zinauza mchele, maana inawezekana kabisa upande mmoja unauza mpunga.

Tahajia ni jambo la fundi mitambo kuliko la mwanazuoni, lakini huchelewesha matoleo. Mwanzi leo ni kawayan. Kwenye vitabu vya zamani ni caoayan. Ukitafuta kwa tahajia moja kwenye maandishi yaliyoskaniwa utapata nusu ya kilichopo. Kitagalog cha zamani pia kilichapwa kwa g yenye wimbi juu yake, g̃, na herufi hiyo hupotea mswada unapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Iandike kwa alama unganishi ya Yunikodi U+0303 baada ya g, taja kwenye barua kwa mhariri kwamba ipo, na hesabu zimo ngapi. Prufu zikirudi hesabu tena. Katika dondoo, acha tahajia ya asili. Katika maelezo yako, tumia ya leo. Tafsiri ikae kwenye matini, asili kwenye tanbihi, au kinyume chake, ila mpango uwe mmoja mwanzo hadi mwisho.

Hapa kuna jambo linalotuhusu kwa karibu. Wasultani wa Sulu na Maguindanao walihifadhi nasaba zao katika maandiko yaitwayo tarsila, neno lililotokana na silsila tunayoifahamu. Yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi zetu za Lamu na Pate, na Najeeb Saleeby alichapisha tafsiri zake Manila mwaka 1905. Anayejua kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu anajua tayari taabu yake: e na i hazitofautiani, wala o na u, na jina la mtu lina sura tatu. Baybayin, mwandiko wa kale wa Kitagalog, una ugumu uleule wa irabu. Kanuni ni kuchapa vitu vitatu pamoja: picha ya ukurasa, unukuzi wa herufi kwa herufi, na tafsiri. Ukiruka unukuzi, msomaji hana pa kukushika ulipokosea, na wahakiki hawapendi kutoshika.

Jihadhari tu na ufanano wa maneno. Salamat ni asante, alamat ni hekaya, hukom ni hakimu. Mizizi ni ya Kiarabu, iliyofika kwa njia ya Kimalei, na haithibitishi safari yoyote ya Waswahili. Kapre, jitu jeusi la hadithi linalokaa mtini likivuta tumbako, jina lake linatokana na cafre ya Kihispania, ambayo asili yake ni kafiri. Wareno walileta Waafrika Manila kama watumwa hasa wakati falme za Hispania na Ureno zilipokuwa chini ya mfalme mmoja, 1580 hadi 1640, na ndio walioitwa cafre. Lakini neno halisemi mtu alitoka pwani ipi. Anayeandika kwamba cafre fulani alikuwa mtu wa Kilwa aonyeshe hati ya mauzo au ya ubatizo inayosema hivyo.

Kwa walioko uwandani, idhini huja kabla ya kalamu. Sheria ya Haki za Watu wa Asili, namba 8371 ya mwaka 1997, na mwongozo wa mwaka 2012 wa Tume ya Taifa ya Watu wa Asili unaohusu utafiti wa maarifa yao, vinataka jamii itoe idhini huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Kwa vitendo maana yake ni barua ya maombi na mpango wa kazi kwa ofisi ya tume, mikutano na wazee, makubaliano yaliyosainiwa, halafu, na hapa ndipo wengi husahau, kurudi na matokeo jamii iyathibitishe kabla hayajachapishwa. Gharama za mikutano na safari ni za mtafiti, na miezi hupita. Idhini ya kamati ya chuo chako cha ughaibuni haifidii hiyo. Nayo idhini ikiwepo, kuficha majina bado kunahitaji akili: nchi ina barangay zaidi ya 42,000 na nyingine zina watu mia chache tu. Ukiandika "mwekahazina mwanamke wa barangay X, mjane, umri wa miaka 50", umeshamtaja.

Pa kupeleka makala si swali gumu kama watu wanavyolifanya. Historia na ethnografia huenda Philippine Studies ya Ateneo de Manila, iliyoanza 1953 na inayosomeka kwenye hifadhi za mtandaoni za JSTOR na Project MUSE. Visayas, yaani visiwa vya kati, ina Philippine Quarterly of Culture and Society ya Chuo Kikuu cha San Carlos, Cebu, tangu 1973, na Silliman Journal ya Dumaguete. Kanisa lina Philippiniana Sacra ya Santo Tomas. Sosholojia ina Philippine Sociological Review, vyombo vya habari vina Plaridel, fasihi ina Kritika Kultura, na anayeandika kwa Kifilipino ana Malay ya De La Salle. Soma matoleo ya miaka mitatu ya jarida unalolitaka. Kama mjadala unaoujibu ulifanyika humo na hujautaja, wahakiki wako huenda ndio waliouandika. Jarida linaloahidi kukubali makala kwa siku tano na kutaja ada kabla ya kutaja mhariri, liache.

Urefu unaopokelewa kwa wingi ni maneno 8,000 hadi 10,000 pamoja na tanbihi, na ikisiri ya maneno 150 hivi. Ondoa jina lako kwenye faili, siyo kwenye ukurasa wa kwanza tu bali kwenye sifa za faili pia. Shukrani ziende karatasi tofauti, kwa sababu fani ni ndogo na kumshukuru mtunza nyaraka wa mji fulani kunakutambulisha. Tangu kutuma hadi kuchapwa panga mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Maoni ya wahakiki yakija, tengeneza jedwali la safu tatu: walichosema, ulichofanya, ukurasa. Ukikataa ushauri, kataa kwa chanzo. Mwanahistoria na mwanaanthropolojia wakikuvuta huku na huku, usijaribu kuwaridhisha wote wawili kwa aya moja. Mwandikie mhariri achague.

Picha: kuchapa kwa upana wa sentimita 12 kwa nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli 1,417. Picha ya skrini yenye pikseli 800 itatosha chini ya sentimita 7, ukubwa wa kadi. Ramani ichorwe upya kwa mipaka ya wakati unaouandikia: Tayabas iliitwa Quezon kuanzia 1946, na Maguindanao iligawanywa kuwa mikoa miwili mwaka 2022. Ukitaja idadi ya visiwa, 7,641 ndiyo hesabu ya tangu 2016. 7,107 ni ya zamani.

Hakimiliki ya Ufilipino hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baadaye, na kazi za serikali hazina hakimiliki, ingawa kuzitumia kibiashara kunataka ruhusa. Makumbusho ya nje yana masharti na bei zake. Barua ya ruhusa iseme wazi: chapa ya karatasi na ya kielektroniki, lugha zote, na matoleo yote, likiwamo la Ufilipino.

Hilo la mwisho ni muhimu kitabu kikitoka nje. Jalada gumu la kitaaluma la Marekani au Ulaya mara nyingi hupita dola 80, na mwalimu wa chuo Iloilo hatalinunua. Desturi nzuri iliyokuwapo kwa miaka ni wachapishaji wa vyuo vya Manila, kama Ateneo (1972) na Chuo Kikuu cha Ufilipino (1965), kununua haki ya toleo la nchini na kuliuza kwa bei ya pale. Mchapishaji wa nje hukubali kirahisi kabla ya mkataba kusainiwa, na kwa shida sana baada yake. Kwa hiyo omba kipengele hicho kiandikwe siku mnayojadili mrabaha: nchi gani, chapa ya karatasi, lini baada ya toleo la kwanza. Omba pia mafaili ya kurasa yapelekwe pamoja na faharasa, la sivyo Manila italazimika kuitengeneza upya, na de la Cruz atarudi kwenye C.